Pampu moja, wanafunzi 40

Pampu ya kufundishia tunayo moja tu, na darasa lina wanafunzi 40. Zamani wanne walishika koki, waliobaki wakanakili vipimo kwa kuchungulia mabegani mwa wenzao. Shida hiyo ndiyo iliyonifikisha kwenye pacha wa kidijitali, yaani nakala ya mashine halisi ndani ya kompyuta. Miwani ya uhalisia pepe ilikuja baadaye.

Wengi humchanganya pacha na uigaji wa kawaida. Uigaji ni hesabu tupu: unaingiza kasi, unapewa jibu la kitabuni. Pacha hulishwa na mashine yenyewe. Sensa za presha, mtiririko na mzunguko wa mota hutuma vipimo kwenye kompyuta, na modeli hujirekebisha mpaka ifanane na pampu hii hii, na uzee wake.

Kitabu kinasema ukishusha kasi ya mzunguko hadi asilimia 80, kimo cha kusukuma maji hushuka hadi asilimia 64, na nguvu inayohitajika hadi 51 hivi. Pampu yetu haina utii huo. Grafu zikiachana, nawakataza wanafunzi kugusa modeli mpaka wanieleze kwa nini. Beringi imekauka? Impela, lile gurudumu la mapanga linalosukuma maji, imelika? Au sensa ndiyo inayodanganya? (Mara nyingi ni sensa.) Saa nzima inaweza kuishia hapo, nami siihesabu kuwa imepotea.

Miwani naitoa kwa jambo moja hasa: kavitesheni. Presha upande wa kufyonza ikishuka chini ya presha ya mvuke, maji huchemka yakiwa baridi. Viputo huingia kwenye impela, presha inapanda, vinapasukia ndani kwa kishindo na kumega chuma kidogo kidogo. Kwenye pampu halisi utasikia kama kokoto zinasagwa, lakini bodi ni chuma, huoni kitu. Nikiiachia hivyo kila kipindi, nitanunua impela kila muhula. Ndani ya miwani mwanafunzi anasimama mdomoni mwa impela, anabana koki ya kufyonza na kuona viputo vikizaliwa.

Dakika 10 zinatosha, tena akiwa ameketi. Picha ikichelewa kufuata kichwa, kichefuchefu hakikawii.

Kisha wote hurudi kwenye pampu na kuweka kiganja juu ya bodi. Wiki iliyopita nilibana koki kidogo bila kusema neno. Binti mmoja wa nyuma, asiyeiona geji, akaita: “Mwalimu, fungua, inakula chuma!”