Wazimamoto wa Kujitolea Vijijini: Kwa Nini Mafunzo Hurudiwa Kila Msimu

Kila kiangazi kinapokaribia, kitengo chetu cha mafunzo hupokea malalamiko ya wazimamoto wa kujitolea wanaouliza kwa nini wanaitwa tena uwanjani ilhali walifuzu mwaka uliopita, na baadhi yao wamekuwa wakizima moto wa nyika tangu ujana wao. Tunayapokea malalamiko hayo kwa heshima, kwa sababu anayelalamika ni mtu aliyeacha shamba lake au kazi yake ili awafae majirani bila malipo. Hata hivyo mafunzo ya marudio hayatafutwa, na ni haki ya wahusika kuelezwa sababu.

Tarehe 2 Desemba 1998, karibu na mji mdogo wa Linton katika jimbo la Victoria, Australia, wazimamoto watano wa kujitolea waliokuwa katika gari moja walifariki dunia baada ya upepo kugeuka na moto wa msituni kuwafikia. Hawakuwa mbele ya moto. Walikuwa ubavuni mwake, mahali ambapo wengi wetu hupaona kuwa na nafuu, na gari lao lilikuwa njiani kwenda kujaza maji. Baada ya msiba huo mamlaka ya zimamoto ya jimbo hilo iliweka kiwango cha chini cha mafunzo kwa kila anayekwenda kwenye moto, awe mzoefu au mgeni.

Jambo la ubavu linastahili kueleweka vizuri, kwa kuwa ndilo ambalo uzoefu wa miaka mingi mara nyingi haulifundishi. Moto unaosukumwa na upepo hunyooka ukawa na kichwa chembamba kinachokwenda kasi, na mbavu mbili ndefu zinazosambaa polepole pembeni. Mtu anaweza kufanya kazi ubavuni kwa saa nyingi bila kitisho chochote, akazoea, na hata akaanza kuacha nafasi kati yake na eneo lililokwisha kuungua. Upepo ukigeuka ghafla kwa upande, ubavu wote, hata ukiwa na urefu wa kilometa kadhaa, hugeuka kuwa kichwa kwa mkupuo mmoja, na aliyekuwa kwenye majani mabichi au makavu ambayo hayajaungua hubaki na dakika chache tu. Ndiyo maana wakufunzi husisitiza, hadi kuchosha, kwamba kazi ianzie mkiani, yaani nyuma ya moto ulikotoka, ipande pembeni, na kila mmoja awe na njia fupi ya kuingia kwenye majivu yaliyopoa.

Mlima nao una hesabu yake. Kwa kila nyuzi 10 za mwinuko, kasi ya moto unaopanda huongezeka takriban mara mbili. Kwa hiyo kwenye mwinuko wa nyuzi 20 huwa karibu mara nne ya ule wa tambarare, wakati binadamu anayepanda hupungua kasi. Kusimama juu ya moto kwenye mteremko hakufai, na hatutaki kuendelea kubishana kuhusu hilo na mtu yeyote anayedai kwamba yeye ana mbio.

Kuna dhana nyingine ambazo ni lazima zikome. Ya kwanza ni kwamba penye gari la maji hapana hatari. Gari lenye lita 3,000 likitoa lita 300 kwa dakika huisha ndani ya dakika 10, na kikosi kilichomaliza maji yote hakina cha kujilindia moto unapokizunguka. Hivyo kiasi cha akiba hubaki tangini, na mwenye kushika mpira hana ruhusa ya kukigusa kwa ajili ya kuokoa uzio au ghala. Ya pili ni kufunga kitambaa kilicholowa maji usoni: joto kali huyageuza maji hayo kuwa mvuke unaounguza ngozi na koo. Ya tatu ni mavazi ya nailoni, ambayo huyeyuka na kugandamana na mwili. Vaeni pamba nzito au sufu na viatu vya ngozi.

Mwaka 1991 Paul Gleason, mzimamoto wa misitu nchini Marekani, aliyafupisha masharti ya usalama kuwa manne: mwangalizi anayeutazama moto muda wote, mawasiliano, njia za kutorokea, na mahali salama pa kukimbilia. Katika mazoezi yetu kikosi hakiruhusiwi kushika jembe wala pampu ya mgongoni kabla kila mtu hajaonyesha kwa mkono njia mbili za kutoka. Kuzitaja kwa mdomo hakutoshi.

Kuhusu orodha ya majina ya walioko kwenye moto, ambayo nayo ni chanzo cha manung'uniko mengi, utaratibu ni huu. Ukifika unamkabidhi msimamizi kitambulisho chako. Anaandika saa, kikosi ulichopangiwa na jina la kiongozi wako. Ukihamishwa kikosi, kiongozi wa zamani anatoa taarifa na kiongozi mpya anathibitisha. Ukiondoka, hata kwa dharura ya nyumbani, unarudi mwenyewe kuchukua kitambulisho, na hapo ndipo saa ya kuondoka huandikwa. Asiyefanya hivyo huhesabiwa kuwa amepotea motoni, na wenzake hulazimika kusimamisha kazi na kuingia kumtafuta wakati yeye amelala kwake. Kosa la kwanza ni onyo la maandishi. La pili ni kuondolewa kwenye zamu kwa msimu mzima na kurudia kozi yote. Pia, mtu asiyeonekana kwenye orodha anaweza kushindwa kuthibitisha dai lake la bima akiumia, kwa kadiri ya sheria na masharti yanayomhusu.

Kuzima masalia hakupendwi, na hufanywa kwa haraka mno. Visiki na mizizi vinaweza kufuka chini kwa chini kwa siku kadhaa, kisha upepo ukaviamsha. Sogeza nyuma ya kiganja karibu na udongo bila kuugusa. Ukihisi joto, chimba, changanya na maji, kisha pima tena. Eneo lote la pembezoni hukaguliwa siku inayofuata, na mwenye zamu ya ukaguzi huo huandikwa jina kabla kikosi hakijavunjwa.

Maelezo haya hayachukui nafasi ya mafunzo ya vitendo. Mwenye cheti kilichokwisha muda akiwasilishe kwa kiongozi wa kikosi chake kabla kiangazi hakijaanza, aje na viatu vyake mwenyewe, na afike mapema, kwa kuwa zoezi la kutoroka hufanyika kwanza na halirudiwi kwa waliochelewa.