Siku moja Dar na familia: anza kupanga na saa sita mchana

Wakinipigia simu swali huwa ni lilelile, "kaka tunakuja Dar Jumapili na watoto, utatupeleka wapi na wapi?" Mimi kwanza naulizia mtoto mdogo kabisa ana miaka mingapi na mtu mzima yupi anasumbuliwa na magoti. Wengine wanahisi nawazungusha ili nipandishe bei, hapana jamani. Nimetembeza watu hili jiji miaka kumi na mbili sasa, wazungu, Wahindi, mashangazi waliokuja harusini wakabakiwa na siku moja ya ziada, na nnachokijua ni kwamba siku ya familia hapa mjini inauliwa na vitu viwili, jua la saa saba na foleni. Sehemu za kwenda zipo kibao.

Nilijifunza kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza nilipewa familia ya watu tisa kutoka Kilosa, nikakodi Hiace, nikaandika listi ya sehemu sita nikijiona fundi: makumbusho, Feri, Kariakoo, Kijiji cha Makumbusho, Mlimani City, Coco. Saa nane mchana tumekwama barabarani, kiyoyozi ambacho mwenye gari aliapa kinafanya kazi kinapuliza hewa ya moto kama ya tanuri, mtoto mmoja ametapika juisi ya ukwaju kwenye kanga ya mama yake, na mpaka hapo tumeona sehemu mbili tu. Bibi yao akanigeukia kwa upole kabisa, "mjukuu wangu, foleni tumeshaiona, sasa tuonyeshe na jiji." Nilitamani ile Hiace inimeze.

Ndo maana saivi siku naipanga kuanzia katikati. Kabla sijawaza kitu kingine najiuliza kuanzia saa tano na nusu mpaka saa tisa hawa watu watakuwa wapi, pana paa, pana pa kukaa, choo kiko karibu, maji ya kunywa yanapatikana. Nikishapata jibu hilo, asubuhi na jioni zinajipanga zenyewe. Desemba mpaka Machi hapo hamna mjadala kabisa, joto la Dar lina unyevu, halifanani na la Dodoma, mtoto wa bara anaweza kuloa jasho amekaa tu hajafanya kitu. Juni mpaka Agosti upepo wa kusi unavuma na unaweza kuongeza hata saa nzima ya kutembea kwa miguu. Masika, Aprili hasa, mimi nawaambia watu wakae kwao wasubiri.

Kitu cha pili, upande mmoja wa jiji kwa siku moja. Kijiji cha Makumbusho kule Kijitonyama nakipenda sana, mtoto anaingia kwenye msonge wa Wahaya anatoka anaingia kwenye tembe la Wagogo, anauliza walikuwa wanalala wapi na mbuzi walikuwa wanalala wapi, lakini kipo Barabara ya Bagamoyo na wewe uko Posta, katikati ya mji, kwahiyo hicho ni cha safari nyingine. Usikibebe kwasababu tu kinaitwa makumbusho na hili la mjini nalo linaitwa makumbusho. Kuna dereva alishanipelekea wageni wangu kule wakati nawasubiri huku, tukapoteza saa nzima.

Sasa nikupe Jumapili yangu ya kawaida. Jumapili kwasababu Posta inakuwa tupu, maofisi yamefungwa, unavuka barabara na watoto watano bila presha. Tangu treni ya SGR ianze 2024 nimepata familia nyingi za kutoka Moro, safari yenyewe haifiki masaa mawili, wanakuja na treni ya asubuhi wanarudi jioni, hawalali gesti. Wanaotokea Kimara ndo rahisi zaidi, mwendokasi unawashusha Kivukoni kabisa.

Asubuhi ni Feri. Watu wanaogopa kupeleka watoto soko la samaki sababu ya harufu na msukumano, mimi naona hapo ndo pa kuanzia, wakati miguu bado ina nguvu. Mnada wa samaki ni sinema ya bure, dalali amesimama na fungu la vibua au kolekole mmoja mkubwa, anataja bei kwa kasi ambayo mtoto anabaki mdomo wazi, mara imeshauzwa, hata hujaona nani kanyoosha mkono. Sakafu imelowa na inateleza, kwahiyo viatu vya kufunga, sio ndala. Alafu pale pembeni kuna makarai ya pweza wa kukaanga, unauziwa vipande na pilipili. Watoto wa bara kumi, tisa watakataa na mmoja ataomba aongezewe. Dakika arobaini zinatosha, ukizidisha harufu inaingia kwenye nguo na mtakuwa nayo siku nzima.

Toka hapo mpaka kwenye pantoni ni hatua chache, na hii kwa maoni yangu ndo safari bora kuliko zote Dar kwa hela mliyotoa, nauli yake haifiki bei ya soda. Mnalipia kwa kadi ya N-Card, chukueni moja inawatosha familia nzima, msiende dirishani na noti kubwa. Kuvuka kwenda Kigamboni ni dakika chache tu lakini uzuri wake ni kwamba mlango wa bandari pale ni mwembamba, kwahiyo meli kubwa ya makontena ikiwa inaingia pantoni linasubiri, na ile meli inapita mbele yenu imepanda juu kama ghorofa inayotembea. Mzee mmoja wa Morogoro, mwalimu mstaafu, alivua kofia. Akakaa kimya, kisha akasema, "nimefundisha jiografia miaka thelathini, leo ndo naiona." Mkifika upande wa pili msishuke na kundi la kwanza, subirini wanaokimbia wamalize kukimbia, shikaneni mikono, nyinyi hamna haraka. Kunyweni madafu, rudini na pantoni linalofuata. Na simu wekeni mfukoni mkiwa maeneo yale, Ikulu iko pale pale Magogoni, hutaki askari akuite mbele ya watoto wako.

Kurudi, mnatembea ufukweni mwa bandari kuelekea mjini. Kanisa la Azania Front lile lenye paa la vigae vyekundu lilijengwa na Wajerumani 1898, mbele kidogo ni Mtakatifu Joseph, walianza kulijenga 1897 likaisha 1902. Jumapili yote mawili yamejaa waumini, kwahiyo ni kuangalia kwa nje tu, labda kama mnasali hapo. Usitoe lekcha. Nimeona baba anasoma Wikipedia kwa sauti watoto wanapigana mateke, niliishia kumuonea huruma.

Sanamu ya Askari ndo naisimamia kidogo. Ni ya shaba, iliwekwa 1927 kukumbuka askari na wapagazi waliokufa Vita ya Kwanza ya Dunia, na singe ya bunduki yake imeelekea bandarini. Kabla yake hapo hapo alisimama Mjerumani, gavana Wissmann, Waingereza walipouteka mji 1916 wakamng'oa. Lakini watoto hawajali hayo. Nnachofanya nawaambia watafute Kiswahili kwenye sanamu. Kuna Kiingereza, kuna Kiswahili hiki chetu, na kuna maandishi ya Kiarabu, wanasema hicho ni Kiarabu, nawaambia hapana, ni Kiswahili kilekile, kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mtoto aliyesoma madrasa anaanza kukisoma taratibu, neno la kwanza likitoka la Kiswahili anapiga kelele utadhani kaokota hela. Hilo limenifanyia kazi mara nyingi kuliko hadithi yoyote.

Hapo inakaribia saa tano na nusu, jua limeanza kuchoma, na ndo tunaingia kwenye ile katikati yetu niliyoanza nayo: Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert. Pana paa, pana vyoo, pana mabenchi. Yalifunguliwa 1940. Msijaribu kuona kila kitu, chagueni viwili vitatu. Cha kwanza ni Zinjanthropus, fuvu la kiumbe wa zamani aliyeokotwa na Mary Leakey bonde la Olduvai mwaka 1959, ana umri wa kama miaka milioni 1.75, na mtoto aliyemsoma darasani anajiona kakutana na staa. Cha pili ni magari ya zamani ya viongozi, kuna Rolls-Royce ambayo ilitumiwa na gavana wa kikoloni alafu ikamtumikia Mwalimu Nyerere. Hapo akina baba ndo wanaganda, watoto wanawavuta shati. Kuna na kumbukumbu ya mlipuko wa ubalozi wa Marekani wa Agosti 1998, hiyo nawaachia wazazi wenyewe, kama watoto ni wadogo napita tu. Kitambulisho cha NIDA beba, kiingilio cha Mtanzania na cha mgeni ni tofauti.

Jirani kabisa ni Bustani ya Mimea, aliianzisha Mjerumani Stuhlmann 1893. Imebaki ndogo lakini ina kivuli cha maana, na humo kuna mnazi wa Shelisheli, ule ambao mbegu yake ndo kubwa kuliko zote duniani. Tandika kanga, toa chakula. Ndio, bebeni chakula kutoka nyumbani, wali maharage kwenye hotpoti, chapati, maandazi, mnaokoa hela na muda wa kusubiri oda. Bibi alale hata nusu saa. Hicho kipande cha kulala watu wanakifuta kwenye ratiba wakidhani ni kupoteza muda, na ni hicho kinachofanya jioni iwepo.

Jioni ni Coco Beach, na hapa nije kwenye kitu ambacho watu wa bara hawakipangii kabisa: maji. Bahari inajaa na kupwa mara mbili kwa siku, kila siku inachelewa kama dakika hamsini. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu tunaita bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana, tofauti inapita mita 3. Nusu mwezi ni maji mafu, yanacheza kidogo tu. Na kwa Dar ukishajua mwezi umejua na saa: siku za bamvua maji yanajaa mida ya saa kumi, kumi na moja jioni, na yanakuwa yamekupwa saa nne, saa tano asubuhi. Maji mafu ni kinyume chake. Sasa ukileta watoto Coco saa kumi na moja siku ya bamvua unakuta mchanga umebaki kipande, mawimbi yanapiga, mama kazi yake ni kupiga kelele "rudi, rudi!" Siku za nusu mwezi saa hizo maji yametulia na mchanga upo. Kalenda ya Kiislamu inakusaidia, tarehe 1 na 15 zikikaribia ni bamvua, tarehe 7 au 22 ni maji mafu. Mimi nikiulizwa "tuje Jumapili ipi" naangalia mwezi kwanza. Maji yakiwa yamekupwa kuna miamba yenye ncha na miiba, watoto waingie na raba za zamani.

Kwenda Coco kutoka makumbusho mnapita Daraja la Tanzanite, lilifunguliwa 2022, lina urefu wa kama kilomita moja na linapita juu ya bahari, muombe dereva aende taratibu. Gari ya kuita kwa simu inatosha, mkiwa wengi itisheni mbili. Pale Coco mle mihogo, ya kukaanga, na kachumbari na pilipili pembeni. Kuleni iliyotoka kwenye karai sasa hivi, iliyokaa inakuwa kama ubao. Bei uliza kabla hujakaa.

Mtaniuliza Kariakoo. Mama watoto lazima aitaje, "tupite tu mara moja." Jina lenyewe limetokana na Carrier Corps, wale wapagazi wa vita wa Waingereza, na mpaka leo ukiingia huko unatoka umebeba. Hamna kupita mara moja Kariakoo. Mama aje peke yake siku nyingine. Kisiwa cha Mbudya nacho ni kizuri, boti kutoka Kunduchi, maji masafi, samaki na chipsi, lakini kinataka siku yake nzima, na kushuka kwenye boti unaweza kuloa mpaka mapajani, kwahiyo bibi mwenye magoti muulizeni kwanza.

Cha usalama mimi nina kimoja tu, namba ya simu ya mzazi andika kwa kalamu ya wino kwenye mkono wa kila mtoto, ndani ya kiwiko ambako jasho halifuti haraka. Asubuhi mkiwa hamjachoka, kabla ya Feri.

Na mnaorudi na treni, ondokeni Coco masaa mawili kabla ya muda wa tiketi. Kuna ukaguzi wa mizigo, na SGR haina habari na mtu aliyekuwa anavaa viatu. Mchanga ukung'uteni ufukweni, watoto wabadilishe nguo hukohuko, zile mbichi zifungeni kwenye mfuko wao peke yake. Kuna familia nilisahau kuwaambia hilo, wakanitumia picha ya siti wakiwa wameshafika Moro. Sitaki hata kuielezea.