Mizani 11, halafu? Dhana potofu kuhusu uchambuzi wa shairi

Nikiletewa uchambuzi wa shairi nisahihishe, aya ya kwanza huwa naijua kabla sijaisoma: shairi hili ni tarbia kwa kuwa kila ubeti una mishororo minne, mizani, yaani silabi za mshororo, ni kadha wa kadha, vina (milio inayofanana) vya kati vinabadilika. Yote kweli. Na bado mwandishi hajasema lolote.

Dhana: Ukishahesabu mizani na kutaja vina, umechambua muundo.

Kuhesabu ni kazi ya kabla ya uchambuzi. Tazama ubeti huu wa Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir unaoililia Pate, mji uliokuwa na fahari ukaishia magofu:

*Madaka ya nyumba ya zisahani*
*sasa walaliye wana wa nyuni*
*bumu hukoroma kati nyumbani*
*zisiji na koti waikaliye*

Madaka ni vile vishubaka vya ukutani katika majumba ya mawe, walimokuwa wakipanga sahani za kaure. Nyuni ni ndege, bumu ni bundi, zisiji na koti ni ndege wengine. Kila mshororo una mizani 11: 6 katika ukwapi (kipande cha kwanza), 5 katika utao (kipande cha pili). Mitatu ya kwanza inaishia kwa -ni, wa nne kwa -ye. Hapo ndipo wengi huweka kalamu chini, na hapo ndipo kazi inapoanza.

Mshororo wa kwanza hauna kitenzi. Madaka yapo, sahani zinatajwa, lakini hakuna anayefanya kitu. Kisha mshororo wa pili unafunguka kwa "sasa", na ghafla vitenzi vinaingia: walaliye, hukoroma, waikaliye. Kulala, kukoroma, kukaa. Hizo ni shughuli za mwenye nyumba, na hapa wanaozifanya ni ndege watupu. Mshairi hakuhitaji kutuambia watu wamekufa. Amewanyang'anya vitenzi tu. Hata "wana" ni neno tunalowaitia watoto wetu, nalo limepewa makinda.

Na vina? Mlio wa -ni unaunganisha sahani, nyuni na nyumbani, yaani mali, mvamizi na mahali, kana kwamba vyote ni vya ukoo mmoja. Kisha -ye ya mwisho inatua kwenye kitenzi cha ukaazi, na kwa kuwa ndiyo inayofunga kila ubeti wa utenzi huu, sikio lilikuwa likiingojea. Ukiandika hivyo, mizani na vina vimepata kazi ya kufanya.

Dhana: Bundi ni ishara ya kifo, basi.

Wanafunzi wengi wana orodha kichwani: bundi kifo, nyeusi huzuni, maua mapenzi. Kweli bundi kwetu ni ndege wa kisirani, lakini kinachoogopwa ni mlio wake usiku juu ya paa. Huyu wa Pate hayuko juu ya paa, yuko ndani, tena anakoroma. Hatabiri msiba; msiba umekwisha pita na yeye amejilalia zake. Orodha ingekukosesha kejeli yote hiyo. Kwa upande mwingine, wanaosema kila msomaji na maana yake nao wanakosea: maana uliyonayo lazima uweze kuinyooshea kidole kwenye neno fulani la shairi.

Dhana: Neno usilolizoea ni uhuru wa mshairi.

Hili linaniudhi kuliko mengine. Mwanafunzi akiona "zisahani" huandika tabdila, yaani neno limebadilishwa sauti makusudi. Akiona "walaliye" huandika mshairi ameboronga sarufi ili kutosheleza mizani. Hakuna kilichoborongwa. Kiamu, lahaja ya Lamu, husema zi- pale Kiswahili sanifu kinaposema vi-, na "walaliye" ni "wamelala" kwa lahaja za kaskazini. Vivyo hivyo Muyaka bin Haji wa Mombasa akisema "mato" badala ya macho au "ndia" badala ya njia, anasema Kimvita cha mtaani kwao. Uhuru wa mshairi upo, na inkisari (kufupisha neno) na mazida (kulirefusha) zipo, ila kwanza jiulize mtunzi alizungumza lahaja gani.

Dhana: Kueleza shairi kwa lugha ya nathari ni kulichambua.

Mazoea haya yanatoka kwenye mitihani, ambako huwa kuna swali linalotaka ubeti mmoja uandikwe kwa lugha ya kawaida. Hilo ni swali moja, lina alama zake. Insha nzima ya "katika ubeti wa pili mshairi anasema" ni swali hilohilo lililorefushwa.

Dhana: Anayesema ni mshairi.

Mara nyingine ndiye. Mwana Kupona, katika utenzi wake wa 1858, anamuusia binti yake wa kumzaa. Lakini sauti ndani ya shairi huitwa nafsineni kwa sababu, na katika Al-Inkishafi inausemesha moyo wake yenyewe. Andika nani anasema na nani anaambiwa, kisha ndipo ufikirie wasifu wa mtunzi.

Dhana: Shairi huru halina muundo wa kuchambuliwa.

Mshairi Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi, diwani yake ya mashairi huru yasiyofuata vina na mizani, mwaka 1974, kuna waliokataa kabisa kuyaita mashairi. Pasipo na vina, tazama mstari unakatiwa wapi, neno gani limeachwa peke yake, nini kinarudiwa. Hapo mshairi hana kanuni ya kusingizia. Kila mkato ni uamuzi wake.

Dhana: Hitimisho liseme shairi linatufunza nini.

Mshairi wa Pate ameuonya moyo wake ubeti baada ya ubeti. Msahihishaji hahitaji kuonywa mara ya pili.