Homa, kiharusi cha joto na jinsi mwili unavyolinda hali yake ya ndani

Mgonjwa ambaye homa yake ndiyo kwanza inapanda hutetemeka na kuomba ajifunike, ilhali anayemgusa paji la uso huona linachoma. Kutetemeka huko ni dalili kwamba udhibiti wa joto la mwili unafanya kazi.

Ndani ya ubongo ipo haipothalamasi, sehemu ndogo inayopokea taarifa za joto kutoka kwenye ngozi na kwenye damu inayoipitia, na kuzilinganisha na kiwango inachokilinda, ambacho kwa mtu mwenye afya hukaribia nyuzi 37 za Selsiasi. Joto likizidi, mishipa midogo ya ngozi hutanuka na jasho hutoka, nalo likikauka huondoka na joto. Likipungua, mishipa hiyo husinyaa na misuli hutetemeka ili izalishe joto. Vimelea vya ugonjwa vinapoingia, chembe za kinga hutoa kemikali zinazosababisha kiwango hicho kipandishwe, tuseme hadi nyuzi 39, na tangu hapo mwili wenye nyuzi 37 huhesabiwa kuwa umepoa. Kiwango kinaporudi chini, mgonjwa hulowa jasho.

Kiharusi cha joto ni jambo jingine kabisa, na kukichanganya na homa kunaweza kugharimu uhai. Hapa kiwango hakikupandishwa, bali mwili umeshindwa kutoa joto lililozidi, hasa pale hewa inapokuwa na unyevu mwingi hata jasho likatiririka bila kukauka. Joto likipita nyuzi 40 na mtu akachanganyikiwa au kuzirai, parasetamoli haimsaidii, kwa kuwa dawa hiyo hushusha kiwango kilichopandishwa na homa. Apoozwe papo hapo kwa maji na upepo, huku msaada wa dharura ukiitwa.

Jasho lenyewe hutokana na maji ya mwili, kwa hiyo ulinzi wa joto hutegemea ulinzi wa maji. Maji yakipungua na chumvi ikakolea kwenye damu, haipothalamasi ile ile huamsha kiu na, kwa njia ya homoni, huziagiza figo zibakize maji. Figo huchuja takribani lita 180 za umajimaji kwa siku, na karibu zote hurudishwa kwenye damu, isipokuwa lita moja au mbili zinazotoka kama mkojo. Uzeeni hisi ya kiu hufifia, ndiyo maana wakati wa joto kali tunasisitiza wazee wapewe maji mara kwa mara, bila kungoja wayaombe.