Kugusana kwa Nyani, Sokwe na Binadamu: Yanayodhaniwa na Yanayofanyika Ubongoni

Mtu anayewaona nyani wawili wameketi chini ya mti, mmoja akipekua manyoya ya mwenzake kwa vidole, husema papo hapo kwamba wanatoana chawa. Hajakosea kabisa. Huko Amboseli, nchini Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba nyani wanaopekuliwa zaidi na wenzao huwa na kupe wachache mwilini. Kosa ni kudhani kwamba habari inaishia hapo. Nyani aina ya gelada wa nyanda za juu za Ethiopia wanaweza kutumia karibu sehemu moja ya tano ya mchana wao kwa kazi hiyo, ingawa ni walaji wa majani wanaohitaji saa nyingi za kula ili washibe. Mwanasayansi Robin Dunbar wa Uingereza, aliyewachunguza kwa miaka mingi, ameeleza kwamba miongoni mwa jamii za nyani muda wa kupekuana huendana zaidi na ukubwa wa kundi kuliko ukubwa wa mwili. Kama shabaha ingekuwa kupe na uchafu peke yake, mwenye mwili mkubwa ndiye angehitaji kupekuliwa zaidi.

Mabadiliko ya mwilini nayo yanaonyesha kwamba kupekuana si usafi tu. Nyani anapopekuliwa, mapigo ya moyo wake hupungua kasi. Mwaka 1989 iliripotiwa kwamba kwa tumbili wadogo wa Afrika ya Kati waitwao talapoini, kupekuana huongeza endofini, yaani kemikali zinazotengenezwa na mwili wenyewe na kufanya kazi kwa namna ya kasumba, katika majimaji yanayozunguka ubongo. Tena faida hiyo haimwendei anayehudumiwa peke yake: kwa nyani wa Gibraltar, utafiti wa mwaka 2007 uligundua kwamba majike waliowapekua wenzao kwa wingi ndio waliokuwa na kiwango kidogo cha homoni za msongo.

Ushahidi ninaouthamini kuliko yote unatoka katika msitu wa Budongo, magharibi mwa Uganda. Hapo watafiti hawakumdunga sokwe sindano wala kumfungia. Waliwafuata kwa miguu, wakaandika nani amempekua nani, kisha wakakusanya mkojo uliodondoka ili kupima ndani yake oksitosini, homoni inayohusishwa na ukaribu kati ya viumbe. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2013 yalionyesha kwamba kiwango kilipanda sokwe alipopekuana na mwenzake wa karibu, awe ndugu wa damu au asiwe. Alipopekuana na sokwe asiye na uhusiano naye wa karibu, kiwango kilikuwa sawa na cha siku ambayo hakupekuana na yeyote. Vidole vilikuwa vilevile na manyoya yaleyale, lakini mwili uliitikia kulingana na mguso umetoka kwa nani.

Hapo hapo inaanguka dhana nyingine, inayoenezwa sana mitandaoni, kwamba oksitosini ni homoni ya upendo na kwamba ukikumbatiwa na mtu yeyote unajaa wema. Katika hifadhi ya Taï, nchini Côte d'Ivoire, watafiti walitangaza mwaka 2017 kwamba homoni hiyo hiyo hupanda pia sokwe wanapolinda mipaka yao na wanapokabiliana na kundi jirani. Kwa maoni yangu, ni sahihi zaidi kusema kwamba inawafunga wenzi pamoja, na wakati mwingine wanafungwa pamoja dhidi ya wengine.

Wengi pia huamini kwamba ngozi hupeleka ubongoni taarifa moja tu, ya kwamba kuna kitu kimegusa, kisha hisia huongezwa baadaye. Ukweli ni kwamba ngozi ina nyuzi za neva za aina mbalimbali. Zile nene husafirisha habari kwa kasi ya makumi ya mita kwa sekunde na kutueleza kitu kiko wapi, ni laini au kinakwaruza. Nyingine ni nyembamba, na habari zake huenda kwa takriban mita moja tu kwa sekunde. Mtafiti Yngve Zotterman wa Sweden alizieleza kwa paka mwaka 1939, na miongo kadhaa baadaye zikapatikana kwa binadamu, hasa katika ngozi yenye malaika, yaani vinywele laini, kama ya mkono na uso. Huitika vizuri zaidi zinapopapaswa polepole, kati ya sentimita 1 na 10 kwa sekunde, kwa kitu chenye joto la ngozi. Mwaka 2002 kilichapishwa kisa cha mwanamke aliyepoteza nyuzi nene kwa ugonjwa. Alipopapaswa mkono kwa brashi laini alihisi kitu hafifu cha kupendeza, huku ikiamka insula, sehemu ya ubongo iliyojificha ndani ya mkunjo wa pembeni, ilhali eneo la kawaida la mguso halikuitika.

Kutokana na kisa hicho watu walikimbilia kuzipa nyuzi hizo jina la neva za upendo, kana kwamba upole una waya wake wa pekee. Mambo hayako hivyo. Mwaka 2019 watafiti wa Uingereza waliwapima wagonjwa wa saratani waliokatwa, ili kupunguziwa maumivu, njia ya neva ndani ya uti wa mgongo iliyodhaniwa kubeba habari za nyuzi hizo. Walipoteza hisia za maumivu na joto, lakini kupapaswa kuliendelea kuwapendeza. Naye mtafiti wa ubongo Valeria Gazzola na wenzake walionyesha mwaka 2012 kwamba hata eneo la kwanza la mguso katika gamba la ubongo, lililodhaniwa kupima tu mahali na nguvu ya mguso, liliitika tofauti kwa wanaume wanaovutiwa na wanawake, kutegemea kama waliamini wanapapaswa na mwanamke au na mwanamume. Aliyewapapasa mara zote alikuwa mwanamke yuleyule.

Imebaki dhana ya kwamba mtoto humpenda mama kwa sababu ya maziwa, na kwamba kumpakata sana ni kumdekeza. Mwanasaikolojia Harry Harlow wa Wisconsin, Marekani, alionyesha mwaka 1958 kwamba watoto wa nyani aina ya rhesus walimng'ang'ania mama bandia wa kitambaa laini hata pale maziwa yalipotoka kwa yule wa waya. Yalikuwa majaribio ya kikatili, na mwisho wake husimuliwa mara chache: watoto hao walipokua hawakujua kuishi na wenzao, kwa kuwa kitambaa hakimpapasi mtoto wala hakimjibu anapokigusa.

Kwa watoto wetu, utafiti wa mwaka 2021 katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania ulilinganisha vichanga wenye uzito wa kilo 1 hadi chini ya 1.8. Miongoni mwa waliowekwa kifuani, ngozi kwa ngozi, mara tu baada ya kuzaliwa, asilimia 12 walifariki ndani ya siku 28. Miongoni mwa waliosubiri hadi hali yao itulie, asilimia 15.7. Joto, maziwa ya mama na uangalizi wa karibu vinaweza kuwa vimechangia pamoja na mguso, na hakuna sababu ya kuvitenganisha na kifua cha mama.