Pete mguuni mwa ndege haina kamera

Wiki iliyopita nimepigiwa tena simu ileile. Mvuvi wa kando ya Ziwa Victoria amekuta ndege kanasa wavuni, mguuni ana pete yenye maandishi ya kigeni. Vijana wakasema ni jasusi, wazee wakasema katumwa. Kufikia wakati napigiwa, ndege alikuwa ameshauawa na pete imetupwa majini. "Mwanangu, tungeweka nyumbani kitu kama hicho?" mzee akaniuliza. Kazi yangu ni kuvisha ndege pete na kufuatilia zinakofika, na hakuna dhana inayonikera kama hii.

Pete ni kipande cha alumini au chuma kilichokunjwa, basi. Haina betri, haina waya, haina mahali pa kufichia kamera. Ina anwani na namba. Mbayuwayu ana uzito wa gramu 20 hivi, na pete yake haifiki hata gramu 0.1. Wapo ndege wachache, hasa wakubwa, wanaobebeshwa kifaa cha setelaiti mgongoni. Hicho kinatueleza ndege yuko wapi. Hakisikilizi mazungumzo ya mtu.

Hofu hii haiko kwetu tu. Mwaka 2011 tumbusi mwenye kifaa cha Chuo Kikuu cha Tel Aviv alishikwa Saudi Arabia akidhaniwa jasusi wa Israeli. Mwaka 2013 huko Misri, korongo mweupe aliyefungwa kifaa Hungaria alipelekwa kituo cha polisi. Alichunguzwa, akaonekana hana kosa, akaachiliwa, na muda si mrefu akauawa na kuliwa. Ndege amevuka bahari na jangwa, halafu anakufa kwa sababu ya uvumi.

Sasa linganisha na Siaya, Kenya, Januari 2022. Ndege mla samaki wa jamii ya tai alipatikana akiwa hoi, pete yake ikitaja makumbusho ya Helsinki. Wenyeji hawakumuua, walitoa taarifa, akafikishwa kwa maofisa wa wanyamapori. Alikufa siku chache baadaye, ndiyo, lakini namba ilisomwa, na dunia ikajua ndege wa Ufini alisafiri karibu kilomita 7,000 kuja kuvua kwenye ziwa letu. Tukishajua hivyo, tunajua pia kwamba ndege wanaolindwa kule wanahitaji ulinzi na huku.

Namba moja ina uzito huo kwa sababu namba zinazorudi ni chache mno. Ngulia, ndani ya Tsavo Magharibi, ndege wahamiaji wamevishwa pete tangu 1969. Usiku wa ukungu, Novemba na Desemba, taa za hoteli huwavuta washuke kwa maelfu. Wameshapita mikononi mwa wavishaji mamia ya maelfu, na waliowahi kuripotiwa kutoka nchi nyingine hawafiki hata mmoja kwa mia. Kila pete inayotupwa ziwani ni safari nzima iliyofutika.

Kwa hiyo shika hili, na umwambie na jirani: ndege akiwa hai, usimvue pete. Piga picha ya namba kutoka pande zote, kwa sababu maandishi huzunguka mguu na picha moja haitoshi. Andika tarehe, mahali, na ulivyompata. Kama alifia wavuni, sema alifia wavuni. Ukweli huo nao ni takwimu. Aliye hai kisha mwachie. Kama amekufa, itunze pete. Taarifa ipeleke kwenye anwani iliyoandikwa, au kitengo cha ndege cha Makumbusho ya Taifa, Nairobi.

Wapo wanaonipinga. "Pete inamtesa." Ikiwa saizi sahihi na imefungwa na mtu aliyefundishwa, ndege anaruka, anataga na kulea kama wenzake. Kinachomtesa ni uzi wa nailoni unaomkata mguu, na huo sijasikia ukilalamikiwa.

"Ndege wa kawaida hana haja ya kuandikwa." Hapana, tena hapana. Miaka ya 1980, tumbusi wa mgongo mweupe walikuwa wametapakaa India. Kwa kuwa kuna watu waliowahesabu wakiwa wengi, pale hifadhi ya Keoladeo, kupungua kwao kulionekana katika miaka ya 1990. Mwaka 2004 chanzo kikatangazwa: diklofenaki, dawa ya maumivu waliyopewa ng'ombe, ikiharibu figo za tumbusi waliokula mizoga. India iliipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006. Bila orodha za awali ungelinganisha na nini? Huku kwetu mradi wa Kenya Bird Map, unaochora ramani ya ndege wanapoonekana, umegawa nchi katika miraba ya takriban kilomita 9 kwa 9. Mwalimu wa kijijini anayeandika kila ndege aliyemwona kwa saa mbili, kunguru na shomoro wakiwemo, ananisaidia kuliko mtalii anayetafuta ndege mmoja adimu.

"Hiyo ni kazi ya wasomi." Namba ya pete inasomwa na yeyote anayejua kusoma.

Na kuna dhana ya upande wa pili, inayoenea sasa kwa vijana wenye simu: kwamba kusaidia ndege ni kuanika kila kitu. Viota vya tai na matundu ya kasuku wa kijivu havianikwi. Biashara ya kimataifa ya kasuku hao waliotekwa porini ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa 2016 wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, lakini wawindaji haramu bado wapo, na picha yenye alama ya mahali huwaonyesha njia. Taarifa ya namna hiyo tuma kwa faragha kwa watafiti. Picha ya kutuma kwenye kundi la simu isubiri makinda waruke, na hata hapo usitaje mti.