Goti la Sayaka Hirota, na kwa nini ACL yako (ligamenti ya katikati ya goti) ikikatika usirudi uwanjani kesho yake

Kuna picha za mechi moja ya Olimpiki ya Tokyo ambazo bado zinazunguka kwenye simu za watu wa michezo. Mwanamke wa Kijapani anacheza badmintoni, goti la kulia limefungwa breisi kubwa nyeusi, mechi inaisha amefungwa, halafu Wachina wawili waliomfunga wanakuja kumkumbatia. Watu wanazituma wakiandika "huyu ndo mpambanaji" na mimi nakubaliana nao kabisa, yule dada ni mpambanaji. Ila kazi yangu ni fiziotherapia, magoti ya wachezaji ndo mkate wangu wa kila siku, na nimeshamsikia kijana akiniambia mbele ya kitanda cha kliniki kwamba "mbona yule Mjapani alicheza Olimpiki na ACL imekatika". Sasa hilo ndo limenifanya nikae niandike, maana hadithi ya huyu dada inasimuliwa nusu, na hiyo nusu inaumiza watu.

Anaitwa Sayaka Hirota, amezaliwa 1994 mkoa wa Kumamoto, kule kisiwa cha Kyushu. Mwenzake wa miaka mingi kwenye dabo (wawili kwa wawili) ni Yuki Fukushima, naye ni wa Kumamoto hukohuko, kamzidi mwaka mmoja tu. Walikua kwenye timu ya taifa iliyojengwa na kocha Park Joo-bong wa Korea, ambaye yeye mwenyewe alichukua dhahabu ya dabo Olimpiki ya 1992 na akaanza kuwafundisha Wajapani mwaka 2004. Matunda makubwa yalionekana Rio 2016, pale Ayaka Takahashi na Misaki Matsutomo walipokuwa nyuma 16 kwa 19 kwenye seti ya mwisho ya fainali wakafunga pointi tano mfululizo, 21 kwa 19, ikawa dhahabu ya kwanza ya badmintoni kwa Japani. Kina Hirota walikuja nyuma ya hao, na kwa muda wakawapita.

Angalia hii rekodi. Ubingwa wa dunia 2017, fedha. 2018, fedha. 2019, fedha tena. Hizo mbili za mwisho walifungwa na Wajapani wenzao, Mayu Matsumoto na Wakana Nagahara, 2018 pale Nanjing seti ya tatu ikaisha 22 kwa 20 na 2019 pale Basel ikaisha 23 kwa 21, yaani miaka miwili mfululizo wamekosa dunia kwa pointi mbili mbili! Lakini hapo katikati walichukua ubingwa wa Asia 2018, walishinda Indonesia Open mara mbili mfululizo, walikuwemo kwenye timu iliyorudisha kombe la Uber (la dunia la timu za wanawake) Japani baada ya miaka 37, na wakafika namba moja duniani. Machi 2020 wakabeba mashindano makubwa ya All England pale Birmingham, siku chache tu kabla michezo yote haijafungwa kwa sababu ya korona.

Kwa hiyo Olimpiki ya nyumbani ilipokuja, wao ndo walikuwa wamepangwa namba moja. Halafu Juni 2021, imebaki kama mwezi hivi, Hirota yuko mazoezini na goti la kulia likaenda. ACL imekatika.

Hebu niieleze hii ACL maana watu wanaitaja sana na wengi hawajui ni nini. Ndani ya goti, katikati kabisa, kuna ligamenti mbili (tepe imara zinazoshikanisha mifupa) zimepishana kama herufi X. Ile ya mbele ndo ACL. Nene kama kidole chako kidogo, urefu sentimita tatu na kidogo. Kazi yake ni kuzuia mfupa wa muundi usiteleze kwenda mbele na usizunguke hovyo chini ya mfupa wa paja. Ukitembea barabara iliyonyooka haina kazi kubwa sana. Kazi yake inakuja pale unapofunga breki ghafla, unapokata kona, unapotua na mguu mmoja huku mwili umegeukia upande mwingine.

Na badmintoni ni hivyo vitu vitatu kutwa nzima. Uwanja ni mita 13.4 kwa 6.1, ukiutazama kwenye tivii unaona mdogo, kinyoya chenyewe kinachopigwa kina gramu tano tu, mtu anadhani ni mchezo wa kupunga mkono. Kaa pembeni ya uwanja usikilize viatu. Kwenye dabo za wanawake kinyoya kinaweza kikapigwa mara hamsini na zaidi kabla hakijaanguka, kwa sababu wanajua kulinda na wanarudisha kila smashi (pigo kali la kushuka), sasa yule wa nyuma anaruka, anapiga, anatua, anasukuma mwili mbele, anarudi tena nyuma, anaruka. Moja ya njia zinazojulikana za kukata ACL kwenye huu mchezo ni hii: kinyoya kinakwenda juu upande wako dhaifu, unarudi nyuma kwa haraka, unapiga juu ya kichwa halafu unatua na ule mguu wa upande usioshika raketi, peke yake, goti likiwa limenyooka na linaingia ndani. Mguu wa upande wa raketi nao unaumia zaidi pale unapoukita chini kwa nguvu na kugeuka ghafla. Hakuna aliyekugusa. Watu wanatafuta aliyemchezea rafu wakati rafu haipo.

Turudi Tokyo. Hirota akaamua kucheza. Walishinda mechi mbili za kundi, wakafungwa na Greysia Polii na Apriyani Rahayu wa Indonesia, ambao ndo baadaye walichukua dhahabu. Robo fainali, tarehe 29 Julai, wakakutana na Chen Qingchen na Jia Yifan, wale Wachina wa kwenye picha. Hawakuwa na mashabiki, ukumbi mtupu. Seti ya kwanza wakashinda 21 kwa 18, mguu mmoja huo! Halafu 10 kwa 21, 10 kwa 21. Uwanjani mzigo mkubwa wa kukimbia aliubeba Fukushima na yeye Hirota alikuwa anachagua hatua zake, ukitazama taratibu utaona kuna vinyoya ambavyo hakuvifuata kabisa.

Sasa jibu la yule kijana wangu. Aliwezaje? Kwanza yule ni mwanamichezo ambaye misuli yake ya paja, ya mbele na ya nyuma, imejengwa kwa miaka mingi, na hiyo misuli inaweza ikalishika goti kwa kiasi fulani hata ligamenti ikiwa haipo. Pili alikuwa mchezaji wa timu ya taifa kwenye Olimpiki ya nyumbani, mwenye wataalamu wa kumhudumia goti lake kila siku. Tatu ilikuwa mechi nne tu, halafu akaenda kufanyiwa upasuaji. Yeye aliijua bei na akakubali kuilipa kwa kitu kinachokuja mara moja maishani. Wewe unataka kuilipa kwa bonanza la Jumapili.

Na bei yenyewe ni hii: goti lisilo na ACL likiendelea kukatishwa kona linaachia, na kila likiachia linasaga yale magegedu mawili yanayokaa kama mto kati ya mifupa. Gegedu likichanika vibaya mara nyingine haliungiki, linakatwa. Ukifika miaka arobaini unashuka ngazi kwa kushika ukuta. Nimewaona. Nilikuwa na binti mmoja mchezaji wa netiboli, alisikia "pwaa" goti likavimba usiku huohuo, akachuliwa kwa mafuta ya moto wiki mbili, uvimbe ukashuka akarudi kucheza, likaachia mara ya pili na ya tatu. Alipofika kwetu ACL ilikuwa imekwenda na gegedu la ndani nalo limekwenda. Kama angekuja baada ya ile siku ya kwanza tungekuwa tunaongea habari nyingine.

Kwa hiyo shika hizi dalili. Mlio au hisia ya kitu kukatika, goti kuvimba ndani ya saa chache (hiyo mara nyingi ni damu, sio maji), na baadaye hisia kwamba goti halikubebi, linataka kukimbia. Ukiona hivyo toka uwanjani, usijaribu "kulinyoosha". Barafu ndani ya kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, bandeji ya kubana kiasi, mguu juu, na saa 48 za mwanzo usichuliwe kabisa. Eksirei peke yake haioneshi ligamenti, inaonesha mifupa, kwa hiyo ukiambiwa "hujavunjika" bado hujamaliza safari, unahitaji mtu wa kulipima goti kwa mikono na ikibidi MRI (kipimo cha picha kinachoonesha ligamenti).

Si kila mtu lazima apasuliwe. Mtu wa ofisini asiyecheza michezo ya kukata kona anaweza akaishi vizuri kwa mazoezi tu ya kujenga misuli. Ila anayetaka kurudi kwenye badmintoni, mpira au netiboli mara nyingi anatengenezewa ligamenti mpya, inachukuliwa kano kutoka nyuma ya paja au chini ya pia ya goti. Hapo ndo subira inapotakiwa, angalau miezi tisa kabla ya kucheza mashindano, kwa sababu ile kano inahitaji muda mrefu kuzoea kazi yake mpya, wakati wewe kwa nje unajiona umepona tangu mwezi wa nne baada ya upasuaji. Kwa vijana wanaorudi michezoni, karibu mmoja kati ya wanne au watano anaikata tena, hiyo au ya mguu wa pili, na wanaowahi kurudi ndo wanaoongoza.

Hirota mwaka 2022 alikuwa amesharudi kwenye mashindano. Aprili 2023, Dubai, yeye na Fukushima wakachukua tena ubingwa wa Asia. Hii ndo nusu ya hadithi ambayo haizunguki kwenye simu, na kwangu mimi ni kubwa kuliko ile ya Tokyo. Paris 2024 hawakuwepo, na baada ya hapo Fukushima akaanza kucheza na Matsumoto, yuleyule aliyewanyima dunia mara mbili.

Kwa makocha wa mabinti nina ombi. Wanawake wanakata ACL mara mbili au tatu zaidi ya wanaume kwenye michezo inayofanana, na mazoezi ya kupasha mwili yenye kutua, kusimama mguu mmoja na kujenga nyuma ya paja, yakifanywa mara mbili tatu kwa wiki, yanapunguza hizo ajali kwa karibu nusu. Hayahitaji mashine. Mpandishe mchezaji kwenye ngazi moja, mwambie aruke chini atue kwa miguu miwili abaki hapohapo sekunde tatu, wewe kaa mbele yake utazame magoti. Yakiingia ndani yakakaribia kugusana, huyo anza naye leo. Mwambie atue kimyakimya, goti likunje, lielekee kidole cha pili cha mguu. Akishaweza miwili, aende mmoja.

Na ukija kliniki kwa ajili ya goti beba bukta na viatu unavyochezea, na kama kuna mtu alikurekodi siku unaumia njoo na hiyo video, sekunde zile tatu za kutua zinatuambia mengi sana.